Kijani Kwenye Fremu ya Dada

Katika korido moja nyembamba, kati ya duka la fotokopi na ukuta wa nyuma wa benki, alikuwapo fundi ambaye jina lake la kuzaliwa walilijua watu wachache mno, na mmoja wao alikuwa mkewe. Wengine wote walimwita Msasa. Jina lilimkaa. Alikuwa mkavu, mwembamba, na ukizungumza naye alikukwaruza kidogo, lakini ukiondoka kwake ulikuwa na kitu kinachong'aa mkononi.

Kazi yake ilikuwa miwani ya jua, hasa ile ya fremu za chuma. Mafundi wengine walibadilisha lenzi, wakakaza skrubu, basi. Msasa alizipokea zile walizozikataa wenzake: fremu zilizobanduka rangi, zilizoota kijani kwenye maungio, zilizoliwa na chumvi mpaka zikabaki na vishimo kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Ukimwambia hii imekufa, alikujibu kwamba chuma hakifi, kinachoka tu.

Na alikuwa na subira nayo, subira ambayo mkewe alisema angetamani kuionja siku moja. Kwanza alitoa lenzi kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akazifunga kwenye kitambaa. Fremu akailoweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na kuisugua kwa mswaki uliochakaa. Kutu ya kijani aliitoa kwa siki na pamba, akichokonoa kila kona kwa njiti ya kiberiti aliyoichonga mwenyewe. Kisha msasa wa maji, ule laini kabisa unaokaribia kuwa kitambaa. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu wana haraka ya kufika kwenye rangi. Ukiacha kutu hata chembe ndani ya kishimo ukaifunika, umeifungia humo ikiwa hai. Itakula kutoka ndani, na baada ya miezi mitatu rangi yako itavimba na kubanduka kama ganda la kitunguu. Alipokwisha kuhakikisha chuma ni kitupu, ndipo alipoichovya fremu kwenye bakuli lake la dawa, waya huku, betri kule, mpaka dhahabu ishike. Mwisho kabisa vanishi nyepesi, na fremu ikaning'inia kwenye kamba kwa kibanio cha nguo kama soksi ya mtoto.

Lakini kilichomjengea jina hakikuwa bakuli wala betri. Kilikuwa kusoma. Mteja akifika, Msasa alinyoosha mkono kabla hujafungua kinywa, akaipindua miwani yako mara moja chini ya taa, akakueleza habari zako.

"Wewe dereva," alimwambia bwana mmoja. "Mkono wa kulia wa fremu umeliwa, wa kushoto mzima. Dirisha liko upande mmoja, jua na jasho vinakuingia kwa upande huo huo."

"Ni kweli."

"Na unaiweka kwenye dashibodi. Vanishi imepasuka kwa joto. Hiyo si miwani tena, umeioka."

Korido yote ilicheka. Mwanamke mwingine aliambiwa kwamba miwani yake hukaa kichwani kuliko machoni, maana mafuta ya nywele yalikuwa yamekula juu na kuacha chini. Jirani wa Msasa, mchonga funguo, mtu mnene mwenye maneno mengi, hakuchoka na mchezo ule.

"Msasa, ungekuwa mganga ungekuwa na ghorofa."

"Mganga hudanganya. Chuma hakijui kudanganya."

Sasa, Msasa alikuwa na dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, aliyekaa mwendo wa dakika kumi kutoka pale koridoni, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mume wake alikwisha kufa, binti yake aliolewa mji wa mbali. Chumba kimoja kilikuwa cha cherehani na marundo ya vitambaa vya bluu; kingine kilikuwa cha mama yao.

Mama alianza kwa kusahau alikoweka kitana, akafuatia majina, kisha njia ya kwenda chooni. Dada ndiye aliyemchukua. Hakukuwa na kikao juu ya jambo hilo; mambo kama hayo katika familia huwa hayana kikao, humwangukia aliye karibu na mwenye moyo mwepesi. Msasa alikuwa na kazi yake, na mchango wake ulikuwa kwenda kila Jumapili alasiri.

Na Jumapili zilikuwa nzuri. Mama akimwona mlangoni, uso ulimfunguka. "Mwanangu amekuja," alisema, akamshika mkono asiuachie, akasimulia habari za zamani mpaka jina la mbuzi wao mweupe. Msasa alikaa dakika ishirini, mara nyingine nusu saa, akaondoka moyo mweupe.

"Mama mbona mzima tu," alimwambia dada yake pale mlangoni. "Anasahau kidogo. Uzee huo."

"Ndiyo," dada alijibu, akamsindikiza mpaka barabarani.

Mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya hayo ninayotaka kuwasimulia, dada alipasuliwa macho kwa sababu ya mtoto wa jicho, na daktari akamwambia avae miwani ya giza kila atokapo nje. Msasa mwenyewe ndiye aliyemchagulia fremu, ya chuma chembamba, rangi ya dhahabu. Ilimpendeza dada kupita kiasi. Wateja wake walimtania kwamba amekuwa mke wa waziri.

Haikumaliza miezi mitano. Dada alikuja nayo koridoni imeota kijani kwenye vile vishikizo vya vipira vya pua na kwenye ukingo wa chini wa duara zote mbili.

"Mafuta," Msasa alisema, hata taa hakuiwasha vizuri. "Unapaka mafuta mengi usoni, dada, yanashuka yanakaa hapa. Punguza."

Akaisafisha, akaichovya, akaipiga vanishi. Ilikuwa kama mpya.

Miezi minne baadaye ikarudi, kijani mahali pale pale. Hapo Msasa aliumia. Alijua alikuwa ametoa kila chembe. Kazi yake hairudi namna hiyo. Na mtu akiumizwa kwenye ufundi wake hutafuta mahali pa kuupeleka ubaya. Korido ilikuwa imejaa siku hiyo.

"Jamani, mnamwona dada yangu huyu?" alisema kwa sauti, akiinua fremu juu. "Huyu ana tindikali usoni. Nikiishiwa maji ya betri nitakuwa namkamua."

Mchonga funguo akacheka hadi funguo zikamwanguka. Watu wa fotokopi wakatoa vichwa. Dada naye alicheka, mkono mdomoni, kama mtu anavyocheka akiwa hana pa kuuweka uso.

Mara ya tatu alikuja asubuhi, korido bado tupu. Alifanya jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo: alivuta kile kigoda cha wateja, akaketi, akaweka mkoba mapajani.

"Mdogo wangu," alisema, "mama juzi..."

"Ngoja kwanza, dada, niione hii."

Akaipeleka fremu chini ya taa. Akaanza kumweleza habari ya vanishi mpya aliyoipata, jinsi atakavyoipaka mara mbili badala ya moja, jinsi atakavyobadilisha vipira vya pua viwe vya aina laini isiyoshika uchafu. Alizungumza robo saa. Alipoinua kichwa, dada alikuwa amesimama.

"Ulikuwa unasema mama kafanya nini?"

"Si kitu. Nimeacha chungu motoni. Nitaipitia kesho."

Mara ya nne hakuja. Msasa alihesabu kuwa vanishi mpya imeshika, akafurahi.

Mama alifariki miezi michache baadaye, asubuhi, baada ya kukataa uji. Msasa alilia kama mtoto. Dada hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye mkeka akiwa na miwani yake, watu wakasema ana moyo mgumu, wengine wakasema ana moyo mkubwa.

Haukuisha mwezi akatangaza kwamba anahama. Binti yake amemwita, mkataba wa sare amemwachia mshonaji mwingine, mwenye nyumba amekwisha kumwarifu. Ataondoka Jumamosi. Alisema hayo akikunja vitambaa, kama anayesema mvua itanyesha.

Msasa hakupenda. Dada huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Hakuwahi kuishi katika mji ambao dada hayumo. Lakini hakujua aseme nini, akasema anachokijua.

"Basi lete miwani niitengeneze, uende na kitu kinachong'aa."

Dada akaivua, akampa kama mtu anayekupa kijiko.

Ilikuwa Jumatano. Msasa alikuwa amekwisha kumsomea mteja mmoja, na mchonga funguo, aliyekuwa hana kazi, akaiona ile fremu ya dhahabu mezani.

"Na hiyo ya dada yako inasemaje? Kila siku unatusomea ya watu."

"Ya ndugu haisomwi. Mtu unamjua, utasoma nini?"

"Soma tu, tucheke."

Msasa akaichukua, akawasha taa, akashusha ile lenzi yake ya kukuzia, akaanza kwa sauti yake ya mnadani. "Haya. Mikono: safi. Hakuna jasho hapa. Mwenye jasho kali huanza kuliwa nyuma ya masikio, huyu hana hata doa. Bawaba: safi. Juu kwenye paji la uso: safi. Kwa hiyo mafuta hapana, mafuta hushuka toka juu, na hapa juu..."

Akaigeuza. Kwenye ukingo wa chini wa duara, kwa ndani, upande unaokabili shavu, kulikuwa na mstari mwembamba wa chumvi nyeupe, na chini ya chumvi ndipo kijani kilipoota. Duara zote mbili. Ulikuwa umefuata njia yake kutoka kwenye kona ya jicho, ukazunguka, ukaishia kwenye kishikizo cha pua. Maji yenye chumvi yanayotoka juu ya shavu na chini ya paji la uso hutoka mahali pamoja tu.

"Na hapa juu nini?" mchonga funguo akauliza. "Mbona umenyamaza?"

Msasa akazima taa. Akaifunga fremu kwenye kitambaa, akaitia mfukoni, akateremsha pazia la kibanda chake saa tano ya asubuhi, jambo ambalo korido haikuwahi kuliona.

Alimkuta dada amepiga magoti katika chumba cha mama, anafungua kitanda.

"Umekuja vizuri," dada alisema bila kugeuka. "Hii nati imenishinda. Wewe si mtu wa kutu?"

Akapiga magoti upande wa pili, akashika spana. Nati haikusogea.

"Dada."

"Naam."

"Si mafuta."

"Mafuta gani?"

"Yanayokula fremu yako. Nilisema ni mafuta."

"Mimi tangu nipasuliwe macho sijapaka mafuta usoni. Daktari alinikataza. Nilikuambia siku ile ya kwanza."

Msasa akatafuta kichwani, hakulipata neno hilo. Kila kishimo cha ile fremu alikikumbuka, hata kilichokuwa karibu na skrubu ya kushoto. Maneno ya dada hakuyakumbuka hata moja.

"Ulikuwa unalia," alisema.

Dada akaacha kitanda, akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Bila miwani macho yake yalionekana madogo, yakikwepa mwanga wa dirisha.

"Nilikuwa nalilia njiani," alisema, kwa sauti ile ile anayosomea vipimo vya sare. "Humu ndani sikuweza. Mama akiona machozi alishtuka, akidhani kuna msiba. Kwa hiyo nilikuwa na ile njia ya sokoni, kwenda na kurudi. Miwani ilinifaa sana."

"Nini kilikuwa kinakuliza?"

"Alikuwa ananiita mwizi, mdogo wangu."

Nje mtu alipita akivuta mkokoteni. Dada alingoja upite.

"Nikimwogesha asubuhi ananiuliza, wewe mwanamke nani kakuajiri? Kanga zangu umezipeleka wapi? Ngoja mwanangu wa kiume aje, atakufukuza. Kila siku. Mara nyingine ananifinya mikono, ana nguvu kama kijana. Halafu Jumapili unaingia wewe, anakuwa mama. Anacheka. Anamkumbuka mbuzi. Dakika ishirini, unaniambia mbona mzima tu. Ningekujibu nini?"

"Ungeniambia."

"Ungeniamini?"

Msasa alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kwenye meno, likarudi.

"Unaona," dada alisema. Akakipiga kofi kile kitanda. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hiki walikuwamo kweli." Kidogo wote wawili wacheke, lakini kicheko hakikufika.

"Ulikuja koridoni mara tatu," Msasa alisema.

"Mara tatu. Miwani ningenunua nyingine pale barabarani, zimejaa. Nilikuwa nakuja nikae kwenye kile kigoda, mtu aniulize habari. Nilijiambia, huyu anawasoma watu asiowajua hata kwa sura, mimi hawezi kunikosa." Akapangusa vumbi kwenye goti. "Ulikuwa unaipenda sana ile fremu."

Hakulisema kwa ubaya. Lingesemwa kwa ubaya Msasa angepata pa kushika, angejitetea, wangegombana kama walivyogombana utotoni na kumaliza kwa chakula. Lakini lilisemwa hivyo tu, likabaki katikati ya sakafu pamoja na mbao za kitanda.

"Nisamehe, dada."

"Nimekwisha kukusamehe. Sina kinyongo na wewe, usiende ukakonda. Nimechoka tu."

"Basi usiende. Kaa. Nitazungumza na mwenye nyumba. Nitakuwa nakuja kila siku, si Jumapili tu."

"Kila siku kufanya nini? Mama hayupo."

"Kukuona wewe."

Dada akamtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa akijua hakitoshi, na bado anapima kwa heshima ya aliyekileta.

"Ungekuja mwaka jana," alisema.

Kisha akainuka, akachukua nyundo dirishani, akampa. "Piga hiyo nati. Piga kwa nguvu, hatumwamshi mtu."

Akapiga. Nati ikalia, ikaachia, na kitanda cha mama kikalala chini vipande vinne.

Siku mbili zile Msasa hakupokea kazi nyingine. Aliisafisha fremu ya dada kuliko alivyowahi kusafisha kitu chochote. Alifika kwenye chuma kitupu, akakikagua, akarudia. Mchonga funguo alimuuliza mara moja tu ile siku alisoma nini. Alipoona jirani yake hajibu, akarudi kwenye funguo zake, na kwa mtu yule kunyamaza kulikuwa zawadi kubwa. Dhahabu ilishika vizuri, haina wingu wala doa. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, naye alipoitazama ikining'inia kwenye kamba, kwa mara ya kwanza hakuona sababu yoyote ya kujisifu.

Jumamosi asubuhi gari dogo la mizigo lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, cherehani imefungwa kamba, magunia ya vitambaa juu yake. Dada alitoka akifunga mlango kwa mara ya mwisho. Usoni alikuwa amevaa miwani mpya, pana, nyeusi, ya plastiki.

"Umenunua?" Msasa aliuliza.

"Jana, pale kona. Nilijua una kazi nyingi."

Akampa fremu ya dhahabu. Dada aliifungua, akaiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, taratibu, kwa ndani.

"Imependeza," alisema. "Mkono wako hauna mwenzake, hilo nitamwambia kila mtu." Akaikunja kwenye leso, akaitia ndani ya mkoba, chini kabisa, ile ya plastiki ikabaki machoni. Akapanda, akaketi karibu na dereva.

Msasa alisimama dirishani kwa dada, mkono juu ya mlango wa gari. Kwa mazoea ya miaka yake yote macho yalikimbilia kwenye fremu. Ilikuwa plastiki, laini, nyeusi, safi kama ilivyotoka dukani. Haikuwa na cha kumwambia, wala haitakuwa nacho mwakani, wala mwaka utakaofuata. Ikabidi aulize kwa mdomo, kama watu wengine.

"Umekula, dada?"

"Nimekunywa chai."

"Macho yanakusumbua?"

"Kidogo. Vumbi tu."

Akangoja. Angeweza kungoja mchana kutwa pale barabarani kama kungekuwa na neno la pili. Dada alimpigapiga mkono uliokuwa mlangoni, mara mbili, kama anayemlaza mtoto. "Msalimie mke wako," alisema, na dereva akawasha gari.

Liliondoka polepole kwa sababu ya mzigo. Msasa alilifuata hatua chache, kisha akasimama. Kupitia kioo cha nyuma alikiona kichwa cha dada, wima, kikitazama mbele. Aliona mkono wake ukiinuka mara moja kuelekea usoni, ukaisogeza miwani juu kidogo, ukashuka. Huenda ilikuwa vumbi kama alivyosema. Aliendelea kutazama mpaka gari likakata kona, na hakujua.